Diski ya Marehemu Ezekieli

Diski ilikuwa inagonga. Fundi Derick aliinama akatega sikio, akatuashiria kwa kiganja tunyamaze, nasi tukanyamaza, mimi na shemeji yangu Petro, tumekaa kwenye benchi lake kama watu waliopeleka mgonjwa. Ko, ko, ko, kisha kimya, kisha ko tena, kama kuku anayedonoa bati. Nje upepo wa Singida ulikuwa unapiga turubai la duka la jirani na kusukuma vumbi mlangoni. Nilitamani ule upepo utulie kidogo nisikie vizuri, ingawa sikujua nilichokuwa nakisikiliza.

Derick alisema sauti ile si nzuri. Kinachosoma mle ndani kinatafuta mahali pa kushika na hakipati, na kila tukijaribu kuiwasha ile kompyuta tunaizidishia ugonjwa. Hataiwasha tena. Ataing'oa diski, ainakili yote kama ilivyo, kipande kwa kipande, aihamishie kwenye diski nzima, na itakachokubali kutoa ndicho tutakachopata.

"Na isipokubali?" Petro aliuliza.

Derick aliniangalia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeileta kompyuta ile kwenye kapu, nimeifunika khanga, akataka kujua ndani kuna nini hasa, maana wengi humletea picha za harusi wakalia kama wamefiwa. Nilimwambia kuna sauti ya mzee. Petro akainamisha kichwa, akawa anaangalia viatu vyake.

Ezekieli, mume wangu, alikuwa karani wa shirika dogo mjini lililoshughulikia watoto wanaoteswa majumbani. Habari za watoto wale hazikutakiwa kuachwa wazi, kwa hiyo kompyuta zao zote zilifungwa kwa neno la siri, na yaliyomo kwenye diski yakavurugwa kwa makusudi, hata mwizi akiing'oa akaipeleka kwingine asione kitu ila takataka. Kompyuta hii ilikuwa yake mwenyewe, si ya ofisi, lakini aliizoesha vivyo hivyo. Nilikuwa namtania kwamba anafunga kompyuta kuliko anavyofunga banda la kuku, na wanaoibwa kwetu ni kuku. Alikuwa anacheka tu na kuendelea kuandika. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na mimi ninayo ya kutosha watu wawili, ndiyo maana tulielewana.

Baba yake, yaani baba mkwe wangu, aliishi nyumbani Mtinko na alikuwa na majina mawili. Kanisani na kwenye karatasi za serikali aliitwa Abraham, na wanawe wote wameandikishwa hivyo. Jina la pili lilikuwa la Kinyaturu, alilopewa na mama yake siku aliyozaliwa, na hilo silitamki. Kwetu mke hataji jina la baba wa mumewe. Nilifundishwa hivyo kabla sijajua kusonga ugali, na mama yangu hakunipa sababu, kwa kuwa mambo ya adabu hayaombwi sababu. Watoto wake nao hawakulitamka, walimwita baba. Hata hapa silitaji, na anayelitaka akawaulize wenye haki nalo.

Petro ndiye mkubwa. Mwaka aliotaka kuhamia Rungwa kufuga nyuki alimwomba mzee ampe maksai wa kulimia huko, na mzee akakataa, akasema ng'ombe wale ni wa nyumba nzima. Wakabishana zizini asubuhi nzima. Majirani walikuwa wamekuja kusaidia kupura uwele, na mimi nilikuwa napepeta hatua chache tu kutoka pale, kwa hiyo sikuhadithiwa. Petro alipandisha sauti, kisha akamwita baba yake kwa jina lile alilopewa na mama yake, kwa ukali, kama mtu anavyomwita mtoto aliyeachia mbuzi shambani.

Ungo ulinitoka mikononi. Wanaume wote waliacha kupura. Mzee hakufoka wala hakuinua fimbo. Alimtazama mwanawe kwa muda, akageuka, akaingia ndani akafunga mlango, na hakutoka mpaka kesho yake. Kwetu watu wanaogopa ukimya wa namna hiyo kuliko matusi. Wazee waliokuwapo walisema mzee ameweka neno moyoni, na neno la mzazi lililowekwa moyoni halioti kutu.

Petro alikwenda Rungwa bila maksai. Miaka iliyofuata nyuki walihama mizinga yake, mkewe akarudi kwao, yeye akaanza kukonda. Mambo kama hayo humpata mtu yeyote, na Rungwa kuna wafugaji nyuki wengi waliopata hasara bila kumtukana mtu. Lakini jaribu kumwambia hivyo mtu anayejua alilolifanya. Kila baya lililompata alilitia kwenye hesabu ya siku ile, na hakuthubutu kurudi kuomba radhi kwa sababu aliogopa kwamba angekataliwa kwa mdomo, ikawa ndiyo mwisho.

Mzee alipougua, Ezekieli alimpigia Petro simu aje upesi. Rungwa ni mbali, na mvua ilikuwa imekata njia. Alifika tumekwisha kuzika. Alikaa pembeni ya watu kama mgeni, hali hata chakula, mpaka mume wangu alipomfuata na kumwambia mbele yangu kwamba mzee aliacha neno juu yake, na kwamba amelirekodi kwa sauti ya mzee mwenyewe, lipo kwenye kompyuta yake.

Petro alimshika mkono akamsihi amwambie ni neno gani. Ezekieli akakataa. Usia wa mzee hauchukuliwi na mdomo wa mwingine ukapelekwa vichochoroni. Unatolewa siku ya kuondoa msiba, ukoo ukiwa umekaa, kila mtu asikie sawa na mwenzake. Mume wangu alikuwa mtu wa kisasa katika mengine yote, alivaa miwani na kusoma habari za dunia, lakini katika hili alikuwa mtoto wa Mtinko. Hata mimi hakuniambia. Nilimwuliza mara moja, akaniangalia tu, nikarudi kwenye sufuria zangu.

Siku ile ya kuondoa msiba hakuiona. Alianguka stendi ya mabasi mjini, presha ilimpanda, akafia mikononi mwa watu asiowajua, na simu yake ikapotea hapohapo. Nalisema kwa utulivu kwa sababu nimekwisha kulisema mara nyingi. Zamani nilikuwa siwezi kupita ile stendi, nazunguka.

Msiba ukawa juu ya msiba, na vitu vya marehemu havishikwi mpaka wazee waseme. Kompyuta yake ilikaa kwenye chumba kilichofungwa, juu ya gunia la alizeti, vumbi na joto vikiifanyia vilivyotaka. Siku tulipofungua chumba na kuiwasha, ilileta kioo cheusi chenye mstari mmoja wa maandishi meupe, ikalia kidogo, ikanyamaza.

Huenda ningeiacha. Sauti ya mume wangu nilikuwa nayo kichwani, sikuhitaji mashine. Lakini binti yangu Happiness alikuwa amechumbiwa na kijana wa Ikungi, siku zikikaribia, na kwetu binti hatoki nyumbani mpaka baba yake amemwekea mkono kichwani na kumsemea neno. Baba akiwa hayupo, baba mkubwa ndiye baba. Nilimwita Petro kutoka Rungwa, nikamwandalia kiti, nikampa habari. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka mikono yake magotini na kuitazama.

"Shemeji, mkono huu una neno la mzee juu yake," aliniambia. "Siwezi kuuweka juu ya mtoto wa mdogo wangu."

Nilimbembeleza, nikamletea mchungaji, nikamletea na shangazi yao. Hakubadilika. Happiness alisikia yote kutoka jikoni, na jioni aliniuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kuolewa bila kuwekewa mkono, kama watoto wa kuokotwa. Ndipo nilipochukua kapu.

Fundi wa kwanza, pale karibu na soko, aliibonyeza bonyeza akiwa anaongea na simu, akasema ni jambo dogo, tunapiga windo tu, mama, inarudi kama mpya. Nilikuwa sijui windo ni nini. Nilimwuliza yaliyomo ndani yatakwenda wapi, akasema yatafutika, lakini kompyuta itawaka vizuri sana. Niliichukua kutoka mezani kwake kwa nguvu, na nadhani nilimwambia maneno ambayo mke wa marehemu hapaswi kuyasema hadharani. Msichana aliyekuwa anauza vocha nje akanielekeza kwa Derick.

Kunakili kulichukua muda mrefu. Derick alituita mara mbili kutuambia tusubiri, na mara ya tatu kutuambia tuje. Diski ya zamani ilikuwa imekufa kabisa, alisema, ilifia kazini ikiwa inakaribia kumaliza, lakini sehemu kubwa ameshaipata, na ile nakala mpya haina ugonjwa. Tatizo sasa lilikuwa lingine. Alitugeuzia kioo. Palikuwa na kisanduku kidogo cheupe, na ndani yake kijimstari kinawaka na kuzima.

"Neno la siri," alisema. "Bila hilo, mama, hata aliyeitengeneza haifungui."

Tukaanza. Tulijaribu Happiness, tukajaribu Magreth, ambalo ni langu, na nikaona haya kidogo lilipokataa. Tulijaribu mwaka wa ndoa, mwaka wa kuzaliwa mtoto, Mtinko, jina la ng'ombe dume wao mwekundu, sura na aya aliyoipenda. Derick akauliza baba yenu aliitwa nani, Petro akasema Abraham, Derick akaandika Abraham kwa kila namna, na mwaka mbele na mwaka nyuma. Kisanduku kikatetemeka na kukataa. Derick ni Mnyiramba wa Kiomboi, ni mtani wetu, kwa hiyo alisema anaona Wanyaturu wanawaficha wake zao mpaka maneno, na yeye angekuwa Ezekieli angeandika jina la mke wake kwenye bati la nyumba. Tulicheka kidogo kwa adabu. Petro alitokwa jasho mikononi akalifuta kwenye suruali.

Mimi nilikuwa nimeanza kukusanya khanga yangu. Na hapo, nikiwa nimeshika pindo, nilimkumbuka mume wangu akiwa mezani mchana mmoja baada ya kumzika mzee, anabadilisha neno la kompyuta, mimi nachambua mchicha. Nilimwuliza ameweka nini safari hii, ili siku akipatwa na jambo nijue. Akasema ameweka neno ambalo mimi hata nikishikiwa panga sitalisema, na Petro hata akilewa. Nilidhani ni jina la mwanamke. Nilimnunia mpaka jioni, na yeye alicheka peke yake, hakunieleza.

Nilikaa tena kwenye benchi. Mimi na Petro tulikuwa tumetaja majina ya ng'ombe na ya watoto na ya vijiji. Hakuna hata mmoja wetu aliyelitaja lile, wala halikumjia kichwani, kwa sababu sote tulikuwa tumelelewa kuliruka. Mume wangu alitujua.

"Shemeji," nilimwambia Petro, "andika wewe."

"Niandike nini?"

"Lile ulilomwita mzee zizini."

Derick aliondoa mikono kwenye kibodi. Hakujua tunaongea nini, lakini alijua kunyamaza. Petro alisimama, akatoka nje, akasimama kwenye upepo amegeukia ukutani. Nilidhani amekwenda. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema aliapa siku ile njiani kwenda Rungwa kwamba jina lile halitapita kwake tena maisha yake yote, wala kwa mdomo wala kwa mkono.

Nilimjibu bila huruma, na leo ningemjibu vilevile. Nilimwambia mimi siwezi kabisa, yeye alishaweza mara moja. Nilijua linamchoma. Nilimfikiria binti yangu jikoni, na nikaliacha limchome.

Aliketi. Mimi niligeuza kiti changu, nikaelekea mlangoni, kwa maana hata kulisoma likiandikwa si adabu. Nilisikia vibonye, kimoja, kimoja, kwa kidole kimoja. Kulikuwa na kimya katikati, kirefu, nikajua amefika mahali pa kuamua. Kisha vibonye vikaendelea, na Derick akasema imefunguka.

Mle ndani kulikuwa na matundu, alituonya, mafaili mengine hayatafunguka kwa sababu diski ilikufa kabla ya kuyatoa. Alitafuta sauti zilizorekodiwa mwezi wa kifo cha mzee. Ilikuwepo moja. Akaongeza sauti ya spika, akasogea kando, akajifanya anapanga nyaya.

Sauti ya kwanza haikuwa ya mzee. "Baba, nimewasha," Ezekieli alisema, kwa Kinyaturu, karibu kabisa, kama aliyeketi kwenye benchi letu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Nilijifunika khanga usoni nikalia, na sikuona haya, wala Petro hakunikataza. Kumbe ile sauti niliyodhani ninayo kichwani ilikuwa imeanza kuchakaa, na sikujua mpaka niliposikia yenyewe.

Mzee alikohoa. Kuku walisikika, na mtu akipita na ndoo, pengine mimi. Ezekieli akamwuliza tumwambie nini Petro.

"Siku ile nilichukia," mzee alisema. "Nilichukia mpaka nikashindwa kusema. Najua watu wanasema nilinyamaza ili nimlaani. Nilinyamaza kwa sababu nilimsikia mama."

Ezekieli akauliza mama yupi.

"Mama yangu. Ndiye aliyekuwa akiniita vile nikichelewa na mbuzi. Wenzangu wa rika wamekwisha, na tangu tumzike yeye sikuwa nimeitwa tena. Ninyi mnaniita baba, wajukuu babu, kanisani Abraham. Nilifunga mlango nikakaa kitandani nikilisikiliza. Petro alilisema kwa hasira, lakini alilisema lote, kama mama. Mwambie sina neno naye. Mwambie akija aniite tena. Ila polepole."

Hapo sauti ilikatika. Palikuwa na mkwaruzo, tundu mojawapo la yale matundu, na iliporudi mzee alikuwa anauliza kama mbuzi wameingia, na mume wangu anamjibu wameingia wote. Kisha ikaisha. Petro alimwuliza Derick kama kilichopotea katikati kinaweza kupatikana, na Derick akasema hapana, kaka, hicho kimekwenda. Petro akaitikia kwa kichwa. Hakuomba kusikiliza tena. Alikaa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, mtu mzima mwenye mvi.

Ukoo ulikaa baadaye na kusikia yote kama inavyotakiwa, na shangazi yao alikasirika kwamba tulisikiliza mjini kabla ya watu. Ana haki. Lakini yaliyotokea kabla ya kikao hayakumhusu, nayo ndiyo ninayoyakumbuka kuliko kikao chenyewe.

Tulishuka Mtinko alasiri. Mzee amezikwa nyuma ya zizi, na Ezekieli kando yake, makaburi mawili yaliyojengewa mawe. Tulipofika uani sikumwambia karibu, wala yeye hakunisubiri nimwambie. Alivua kofia akapita pembeni ya nyumba, moja kwa moja, akielekea zizini.

Nilijua anakwenda kufanya nini, na nilijua si la masikio yangu. Nilichukua ndoo nikaenda bombani. Niliijaza, nikakaa juu ya jiwe. Jirani yangu Damari alikuja kuteka akashangaa kuniona nimekaa na ndoo imejaa, nikamwambia napumzika, nimetoka mjini. Upepo ulikuwa unatokea upande wa nyumbani, na wakati fulani ukaleta sauti ya mwanamume, ya chini, inaita na kuacha, inaita na kuacha. Nikaanza kuimba wimbo wa kanisani ili nisisikie. Damari alinitazama, kisha naye akaanza kuimba, ingawa hakujua tunaimbia nini.

Tuliimba beti zote, tukarudia mbili. Sauti ilipokuwa imekwisha nilijitwika ndoo nikarudi. Petro alikuwa ameinama uani juu ya beseni, ananawa mikono, taratibu, mpaka viwikoni, kama mtu anayetaka kula na wageni. Alijifuta kwa shati lake. Akaniuliza Happiness yuko wapi.